Dengu Si Muhogo

Jumamosi asubuhi na mapema, Esteri alikuwa ameshafagia uwanja mara mbili. Nyumba yake iko Heru Juu, karibu na Kasulu. Siku hiyo wageni walikuwa wanatoka Buhigwe kuleta posa ya binti yake, Ininahazwe. Wangefika saa nne.

Maharage yalikuwa yanachemka. Ugali wa muhogo ungesongwa baadaye. Tatizo ni kwamba Esteri alikuwa amejisifu. Alimpigia simu mama wa kijana na kumwambia, "Njooni mle bajia za dengu, kavu, zinazolia mdomoni!" Na huyo Mama Pasikali, watu walimjua. Hali chakula ovyo kwenye nyumba za watu. Akiomba nyongeza, basi amekubali moyoni.

Esteri hakuwahi kupika bajia maishani mwake. Lakini alijua kuloweka. Tangu Jumatano aliloweka dengu siku tatu, akazifunika vizuri, kama muhogo.

Alipofunua sufuria, Ininahazwe aliziba pua.

"Yoo! Mama, zimechacha!"

"Nyamaza. Moto utazitengeneza."

Esteri akazitwanga na maji mengi mpaka zikawa uji. Akamimina kijiko kimoja kwenye mafuta ya moto. Uji ulisambaa, ukakatikakatika, ukanywa mafuta. Akajaribu tena. Ikawa vilevile.

"Nimeumbuka!" alisema Esteri. Machozi yalimlengalenga. "Watasema binti ametoka kwa mama mwongo."

"Si tuna maharage?" aliuliza mumewe, Tharsisi.

Esteri alimtazama tu. Tharsisi akaenda kukagua mbuzi.

Ininahazwe alikimbia kwa jirani yao, Bi Asmahani, mwenye duka la viungo. Bi Asmahani alikuja na kikapu, anahema. Alinusa sufuria akarudi nyuma hatua mbili.

"Dada Esteri, hizi zitawaumiza watu matumbo. Zimwage shimoni. Zimebaki nyingine?"

"Bakuli moja, hazijalowekwa."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Tunawahi!" Bi Asmahani akapiga makofi. "Sikiliza. Dengu si muhogo. Muhogo unaulaza siku tatu ili sumu itoke. Dengu hizi zimekobolewa na kupasuliwa. Zinataka saa mbili tu. Mama yangu alipika kwa familia ya watu wa kusini mwa India, kule Tanga. Wao bajia hizi huziita vada. Nimezila tangu sina meno!"

Waliosha dengu, wakaziloweka. Ilipofika saa mbili na nusu wakazichuja. Bi Asmahani akazitandaza juu ya kitambaa safi.

"Zikauke. Maji ndiyo adui wa bajia."

Akatenga konzi moja ya dengu nzima. Zilizobaki wakaziweka kwenye kinu. Esteri alitwanga mara chache, kisha mkono wake ukaenda kwenye kikombe cha maji.

"Weka chini hicho kikombe!" alipiga kelele Bi Asmahani.

"Nimezoea!"

"Zoea mengine! Na usilainishe sana. Acha chengachenga, ndizo zitakazolia mdomoni."

Wakachanganya na zile dengu nzima, kitunguu, pilipili mbichi, tangawizi, kotimiri na bizari nyembamba. Chumvi waliitia mwisho, kwa sababu chumvi hutoa maji kwenye kitunguu. Esteri akalowesha viganja, akafinyanga donge, akalibonyeza liwe bapa.

"Mafuta yamepata moto?" aliuliza.

"Yajaribu kwa punje moja."

Punje ilizama, ikatoa mapovu, ikapanda taratibu. Moto ulikuwa wa wastani. Wakatia bajia nne tu, zisibanane. Jiko zima lilianza kunukia. Bajia ya kwanza haikuvunjika! Ilipogeuzwa ilikuwa na rangi ya dhahabu.

"Ininahazwe, njoo uone! Imeshikana!" Esteri alirukaruka kama msichana. Tharsisi naye alirudi mbio, eti mbuzi yuko salama.

Walipomaliza, Esteri alivuta hotipoti.

"Hapana," alisema Bi Asmahani. "Ukizifungia za moto, mvuke utazilainisha. Ziache kwenye ungo, uzifunike kitambaa chepesi tu."

Saa nne wageni waliingia. Walinawa mikono, wakakaa. Ininahazwe akapitisha ungo. Mama Pasikali alichukua bajia moja, akaitazama pande zote. Akauma.

Kru!

Nyumba nzima ilisikia. Mama Pasikali akatafuna, akameza. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu. Kisha akamwinamia Esteri na kumnong'oneza.

"Mama Ininahazwe, umefanyaje? Mimi nilijaribu Pasaka. Zangu zilisambaratika zote kwenye mafuta. Na niliziloweka vizuri, siku tatu kamili!"

Esteri alimtazama binti yake. Ininahazwe alijiziba mdomo kwa upande wa kanga. Esteri akashindwa kujizuia, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Saa mbili tu," alisema. "Siku tatu ni za muhogo. Mimi mwenyewe nimejua leo asubuhi. Njoo jikoni nikuonyeshe."

"Ego, ndiyo, twende, mkwe mwenzangu," alisema Mama Pasikali, akainuka na bajia yake mkononi.

Wanaume walikuwa bado wanakohoa, wakijiandaa kutaja posa.