Kadi Isiyopata Moto

Kadi haikupata moto. Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angezima kompyuta na kukimbia. Lakini akili ni nywele, na huyu alishaanza upara. Alijiita Kamanda. Ukamanda wenyewe ulikuwa wa kukaa sebuleni na hedifoni kichwani, akiwafokea watu asiowajua, huku mkewe, fundi cherehani, akishona chumbani nguo za watu ili nyumba ile iendelee kuitwa nyumba. Mtu mzima ovyo.

Hiyo kadi, ile inayochora picha za gemu ndani ya kompyuta, ilikuwa kuukuu. Kamanda alitaka iende mbio kuliko ilivyotoka kiwandani, maana mashindano ya timu yake yalikaribia na wenzake walishamcheka kwamba picha zake zinakwama. Tumpe haki yake: kazi aliijua. Alipangusa vumbi, akasafisha feni, akapandisha kasi kidogo, akaijaribu, akatazama joto, akapandisha tena. "Haraka haraka haina baraka," aliwaambia wenzake, utadhani methali kaitunga yeye.

Jioni moja joto likafika ukomo, skrini ikajaa madoa. Kamanda akasonya.

"Kama yupo wa kulibeba joto hili, alibebe. Mradi kadi yangu ipone."

"Nitakutafutia wa kulibeba," sauti ikamjibu ndani ya hedifoni, na hedifoni zilikuwa hazijachomekwa. Harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa ikapita sebuleni. Madoa yakatoweka, namba ya joto ikashuka, na kadi ikapoa kama mtungi huku ikikimbia kuliko jana. Kamanda akacheka! Alicheka, hana haya wala hajui vibaya.

"Mume wangu," mkewe akaita kutoka chumbani, "mbona nahisi joto hivi?"

"Fungua dirisha."

Kesho yake alipandisha kasi hatua moja, na chumbani mkewe akagumia. Akashusha, kimya. Akapandisha, akagumia tena, safari hii na cherehani ikaanza kuzunguka, haijakanyagwa na mtu. Kamanda akanyata mpaka mlangoni, na hapo, nataka mjue kwamba aliona kila kitu, alimwona mkewe amelala chali na mvuke ukimtoka mwilini, akaona na kivuli cha mkewe ukutani, kivuli ambacho hakikulala bali kilikuwa kimeketi wima, kikageuza kichwa taratibu, kikamtazama, kikainamisha shingo kama mtumishi anayesubiri agizo, na harufu ile ya pasi ikamjaa puani mpaka macho yakamtoka machozi, na yeye, mume wa mtu, akageuka, akaenda kuleta kipimajoto.

"Thelathini na nane," alinong'ona. "Bado ipo nafasi."

Ndiyo ikawa kazi yake. Anapandisha kasi, anapima mke, anamwekea kitambaa cha maji, anamngoja apoe kidogo, anapandisha tena. Kivuli kila mara kilimwinamia, kama kinachouliza kama imetosha, na kila mara alikijibu kwa mkono: bado. Wenzake wakamsifu, kadi kuukuu na inakwenda kama mpya! Mkewe akaacha kushona, akaacha kula, akabaki mifupa na macho.

Dada mkubwa wa mkewe alipokuja kumwona mgonjwa, alimkuta akiweweseka. Akatafuta kipimajoto nyumba nzima, akakikuta sebuleni, kando ya kibodi. Akakitazama kipimajoto, akamtazama shemeji yake, akatoka. Jioni ileile akarudi na mganga, mama wa makamo asiyependa maneno mengi.

Mganga akafukiza ubani. "Nani kakuingiza humu?"

Kinywa cha mgonjwa kikafunguka. Sauti iliyotoka haikuwa yake. "Huyo aliyejificha nyuma ya mlango."

"Basi mtoke mwanamke huyu, umwingie yeye."

Jini akacheka kicheko kikavu. "Mle? Mama, mimi nimekaa kwenye visima vya maiti, nimelala nyumba za wauaji. Mle siingii. Niache nijiendee zangu. Nimeshachoka kutumwa na mtu kama yule."

Kitanda kikatikisika, dirisha likajigonga, na ile harufu ikatoka nje. Mgonjwa akafumbua macho. Kamanda, sasa kwa kuwa hatari imepita, akajitupa magotini kando ya kitanda, akalia kwa sauti.

"Ulikuwa unajua?" mkewe akamuuliza kwa shida.

Kamanda akamwangalia mganga, akamwangalia shemeji yake, akakosa pa kutorokea.

"Sikukupitisha thelathini na tisa na nusu," alisema. "Nilikuwa napima, mke wangu. Ulikuwa salama kabisa."

Hapo sebuleni kitu kikapasuka, pa! Moshi wa plastiki ukaingia chumbani. Kamanda akauachia mkono wa mkewe, akaruka juu, akatoka mbio.

"Kadi yangu! Jamani, kadi yangu!"

Mkewe alimsikiliza akipiga kelele huko. Kisha akajiinua kwa kiwiko.

"Dada, nipe viatu vyangu."