Anwani ya Seva Iliyofutwa

Nilikuwepo. Asije mtu akakwambia alisimuliwa na nani sijui. Mimi nilikuwa juu ya ngazi ofisini kwa mpwa wangu, natengeneza kiyoyozi, na macho haya, ambayo hayajawahi kuonja miwani, yaliona kila kitu. Shule niliikimbia mapema, lakini kompyuta nazijua kuliko baadhi ya waliozisomea.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alitunza seva, zile kompyuta zinazopokea simu za ambulensi. Kazi yake iko hivi: anaandika kwenye faili anachotaka, programu inamwonyesha kwanza kitakachobadilika, akiridhika anaandika "ndiyo", nayo inatekeleza. Mwishoni inatoa anwani ya seva ya kupokea simu, na simu zote hufuata anwani hiyo.

Asubuhi hiyo seva ilizimika. Akajenga mpya, ikabaki kubadilisha anwani tu. Kwa muda huo, kila aliyepiga aliambulia patupu.

Saa nne simu yangu ikalia. Dada.

"Kaka... kifua... ambulensi hawashiki..."

Ikakatika. Ngazi sikuishuka, niliiruka.

"Mama yako! Fanya haraka!"

Akaiomba programu imwonyeshe. Hakuna cha kujengwa. Hakuna cha kubomolewa. Kitabadilika kitu kimoja tu: anwani.

Lakini haikuwa ile aliyoiandika.

"Mjomba," akanong'ona, "hii ni ya seva ya Mzee Taratibu."

Mzee Taratibu, yule wa kikohozi kisichokoma, ndiye aliyemfundisha kazi. Tulimzika mwaka jana, na seva yake mpwa wangu aliifuta kwa mkono wake.

Akafungua faili. Anwani sahihi ipo. Akaangalia tena kitakachobadilika. Ile ile. Akafuta, akaandika upya. Ile ile. Jasho likamtiririka, na kiyoyozi changu kinapuliza baridi ya kugandisha maji.

Nikampigia dada. Hapokei.

"Nikikubali, simu zitaenda kwa maiti, Mjomba."

"Na sasa hivi zinaenda kwa nani, mwanangu?"

Akalia. Nami nikalia, mwanaume mzima.

"Andika."

Akaandika ndiyo. Imekamilika. Akaitafuta seva ya anwani ile. Haipo. Haipo popote.

Tukakaa. Nikaendelea kumpigia dada.

Dakika kumi na mbili baadaye dereva wa ambulensi akanipigia kwa simu ya dada. "Tumemuwahi, anapumua. Mshukuruni yule mzee wa zamu huko ofisini. Alipokea simu ya mgonjwa, akatuelekeza mpaka mlango wa nyuma. Ila kile kikohozi chake akitafutie dawa."

Ofisini tulikuwa wawili tu.

Mpaka leo faili lina anwani moja, simu zinafuata nyingine. Mpwa wangu akiiuliza programu, inajibu: hakuna kitakachobadilika. Na simu zinapokelewa.

Haya, nitubu. Kikohozi ni chumvi yangu. Dereva alisema yule mtu aliongea dakika nzima, na hakumsikia akivuta pumzi hata mara moja.