Mwenyeji wa Barafuni

Shemeji yangu Sebastian ana ujuaji wa kijinga, na watu wa aina hiyo siwavumilii. Ametua Minnesota mwezi wa nane kusoma chuo, katazama video mbili tatu, basi keshakuwa mvuvi wa barafuni! Jioni ile dada yake, yaani mke wangu Blandina, alitutuma ziwani, hapa hapa Eagan, tukatoe ndoano tulizozitega mchana.

"Faustino, mrudishe mdogo wangu mzima," aliniambia. "Mama hana mwingine wa kiume."

"Yeye atarudi. Akili yake ndiyo sijui."

Jua lilikuwa linazama. Nikamfundisha tena, ingawa sikio la kufa halisikii dawa. Barafu nyeusi inayong'aa, ikifika inchi nne, inabeba mtu. Nyeupe iliyochanganyika na theluji, hesabu nusu ya nguvu hiyo. Gonga kwa mtaimbo kabla ya kukanyaga. Na pale kijito kinapoingilia ziwa usisogee hata ukiona dhahabu, maana maji yanayotembea hayagandi vizuri.

"Nimeelewa, shem."

"Umeelewa nini? Umevaa raba!"

Ndoano zilikuwa tupu. Nikainama kukunja kamba huku nikimsema vya kutosha. Nilipoinua kichwa, nilikuwa nasema peke yangu.

Sebastian alikuwa anaelekea kijitoni.

Kule palikuwa na kibanda cha mbao cha wavuvi, taa inawaka ndani. Mchana hakikuwepo, naapa. Upepo ukaniletea harufu ya... samaki wa nazi. Nikasonya. Mpumbavu gani kaweka kibanda juu ya barafu mbovu?

Na yeye, mtoto wa watu na adabu zake, akasimama mlangoni.

"Hodi!"

Akabisha tena.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu, mwanangu." Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha pwani kabisa. "Vua viatu uingie. Mkeka nimeshatandika."

Na yule bwege akainama kufungua kamba za raba!

Nikakimbia. Hatua chache tu, mtaimbo ukazama. Barafu ilikuwa imelainika kama ugali mbichi. Ikalia chini yangu... kra... kra... Nikatazama theluji iliyo mbele. Nyayo za Sebastian zilikuwepo. Za mtu mwingine yeyote, hakuna.

Hapo niliogopa, nasema wazi. Nikalala kifudifudi ili uzito usambae, nikajivuta kwa tumbo mpaka nikamdaka mguu. Alikuwa na soksi tu, imelowa chapachapa.

"Tuondoke," nikanong'ona.

"Shem, si vizuri. Tumeshakaribishwa."

"Ondoka, ng'ombe wee!"

"Mbona mwaniacha?" sauti ikauliza.

Ilitoka chini ya kifua changu. Chini ya barafu.

Sebastian akaanza kulia. Nikamvuta, haendi. Nikamvuta tena, kama nang'oa mti. Ndipo nikakumbuka kwamba mgeni haondoki bila kuaga. Mimi, niliyewacheka wazee na mizimu yao maisha yangu yote, nikaaga.

"Tunashukuru, mama. Giza limeingia. Tutakuja siku nyingine."

"Siku nyingine ni lini?"

Hasira zikanipanda. King'ang'anizi gani huyu? Nikamtupia maneno tunayoambiana kila siku ili mtu atuache tuende zetu:

"Basi na wewe karibu kwetu!"

Taa ikazimika. Mguu wa Sebastian ukawa mwepesi mkononi mwangu, nikamburuta mpaka ufukweni bila kugeuka nyuma.

Nyumbani Blandina alimkumbatia mdogo wake, akanitukana mimi kwa ajili ya raba, akamtumbukiza miguu kwenye maji ya vuguvugu. Alikuwa mzima. Nikaingia chumbani kubadili nguo, nikampigia Gilbert, Mkenya ninayevua naye, nikamsimulia.

"Pale kijitoni?" akashangaa. "Buda, hapo haijai-freeze season yote. Asubuhi nimeona bata wanaogelea."

Tulikanyaga nini, basi?

"Kuna mama wa Mombasa alizama hapo kitambo," akaendelea. "Wanasema alipenda wageni sana, lakini watu walikuwa busy. Hakuna mtu alikuwa anamtembelea."

Nikamwambia aache umbea wa kike, nikakata simu. Nikajiambia ni njaa, ni baridi, ni woga wa kuambukizwa na mjinga. Nikavaa shati kavu.

Ndipo niliposikia maji yakichuruzika kwenye korido ya jengo, nje ya mlango wa nyumba yetu. Kisha mtu akabisha, taratibu, kistaarabu.

"Hodi wenyewe..."

Nilitoka chumbani mbio kumziba mke wangu mdomo. Lakini Blandina kalelewa vizuri, hajawahi kuacha hodi ya mtu bila jibu.

"Karibu, mama!" akaitikia kutoka jikoni. "Pita tu, mlango uko wazi."