Mtu Asiyetaniwa

Iffat alikuwa amempita muuza juisi ya miwa yule yule mara tatu. Masoko yote manane ya Faisalabad huanzia chini ya mnara wa saa, na mgeni akigeuka vibaya kidogo tu, hurudishwa pale pale alipotoka. Mara ya nne alichoka, akaingia duka la kwanza lenye feni.

Lilikuwa duka la vitambaa. Mwenyewe, kijana anayeitwa Mudassar, alikuwa amekaa amekunja miguu juu ya jukwaa, majora yamepangwa nyuma yake hadi darini. Alimwona msichana aliyevaa kanzu ya rangi ya haradali, suruali pana nyeupe na mtandio mwekundu wa madoadoa, mtandio wa kwao Bahawalpur, huko kusini kwenye pamba. Akafungua jora moja kwa mbwembwe, kitambaa kikaruka hewani kikatua mbele yake. Akaapa kuwa ni pamba tupu.

Iffat hakubisha. Alichomoa uzi mmoja pembeni, akamwomba mteja mwingine kiberiti, akauchoma. Uzi haukuacha jivu. Ulijikunja ukawa kishanga cheusi kigumu.

"Pamba huacha jivu, bwana wangu," alisema kwa sauti ya upole kabisa. "Hii imeacha plastiki."

Duka zima lilinyamaza likimsubiri Mudassar. Faisalabad mtu akikuaibisha mbele za watu unamjibu kwa utani, na asiyejua kutania hapa bora afungue duka la sanda, maana wateja wake hawacheki.

"Dada," akasema Mudassar, "wenzako hununua kwanza, halafu wanakwenda kuchoma nyumbani kwa pasi."

Watu waliangua kicheko. Sasa ilikuwa zamu ya msichana, na wote walimgeukia. Iffat alimtazama tu, kama anayesubiri amalize, akasema atarudi Alhamisi akute pamba ya kweli. Akaondoka.  Tangu azaliwe Mudassar hakuwahi kushindwa na mtu ambaye hakujibu utani.

Alhamisi pamba ilikuwepo. Alikuwa ameitafuta mji mzima, akamgombeza aliyemuuzia ule mzigo wa uongo, na siku hiyo alivaa shati lililopigwa pasi. Iffat alichoma uzi, akaliona jivu, akatabasamu. Ndipo Mudassar alipojua kuwa msichana huyu anasomea mbegu za pamba chuo cha kilimo, mwaka wa mwisho, na kwamba jivu lile lilimfurahisha kuliko maua.

Tangu hapo ikawa simu. Lakini Mudassar anakaa Ghulam Muhammad Abad, mtaa wa mashine za kufuma, na mama yake, Bi Kausar, anazo kumi na mbili ghorofa ya chini. Zikinguruma, hata adhana unaiona kwa midomo ya muadhini tu. Kwa hiyo mapenzi yao yalisubiri umeme ukatike. Mtaa mzima ukilaani kampuni ya umeme, Mudassar alikuwa anapanda ngazi mbili mbili kwenda darini.

"Zimezima?" Iffat alikuwa akiuliza.

"Zimezima. Sema upesi, mpenzi, serikali isije ikatuhurumia."

Iffat alicheka hadi wenzake bwenini wakagonga ukuta. Lakini kumjibu kwa utani hakuweza. Kwao kusini ulimi hupakwa asali kwanza ndipo maneno yatoke. Mtu hata akikudai shamba lako hukuita nuru ya macho yake. Mudassar alijaribu kumfundisha, akashindwa, wakakubaliana kuwa nyumbani kwao mmoja atatania na mwingine atatabasamu.

Nyumbani kwao, eti. Walikuwa wameshafika huko, na wazazi hawajaonana.

Baba yake Iffat, Mzee Wasaya, alikuja Faisalabad mwezi wa kumi kuiona nyumba iliyomposa binti yake, akiwa na kilemba cheupe, boksi la halua ya Multan na masharubu yaliyosokotwa kwenda juu kama pembe za fahali. Iffat hakulala vizuri siku mbili. Baba akisema ndiyo, atamaliza masomo, ataolewa na amtakaye, atabaki karibu na mbegu zake. Akisema hapana, kuna mtoto wa ami yake kijijini aliyekuwa akingojea jibu mwaka wa tatu sasa.

Bi Kausar alikuwa amepika tangu alfajiri. Alimpenda mzee yule tangu alipomwona anavua viatu mlangoni, akavipanga vizuri. Na kwa kuwa alimpenda, alifanya kama tunavyofanya kwa mtu tunayemtaka ndani ya nyumba.

"Karibu, baba," alisema. "Masharubu yako tumeshayakaribisha. Yaliingia dakika mbili kabla yako, nikayapa kiti."

Mashangazi walicheka. Mudassar alicheka kuliko wote, kichwa nyuma, mkono gotini.

Mzee Wasaya alikaa. Alionja kila kilichowekwa mbele yake, kidogo kidogo. Alisema macho yake yamepata nuru kwa kuiona nyumba hii, kwamba mkono uliopika chakula hiki Mungu aujaze dhahabu, kisha akaaga. Bi Kausar alimsindikiza hadi barabarani, akarudi anapiga makofi. Kabla ya alasiri alishagawa laddu, vitamutamu vya furaha, nyumba kumi na nne, akiwaambia majirani kuwa mambo yamekwisha, mkwe ameridhika hadi amemwombea dhahabu.

Kesho yake umeme ulikatika saa nane mchana. Mudassar alipanda darini, akapiga. Simu ya Iffat ilikuwa imezimwa. Umeme ukakatika tena saa kumi na moja; imezimwa.

Siku tatu alisimama kwenye lango la chuo. Siku ya tatu Iffat alitoka na daftari kifuani, akasimama hatua tano mbali naye.

"Baba ameniambia nikimaliza mtihani nirudi nyumbani," alisema. "Kwa mtoto wa ami."

"Lakini alisema macho yake yamepata nuru!"

"Ndivyo anavyosema akiwa amekasirika. Akikasirika zaidi anakuombea dhahabu."

Mudassar alishika vyuma vya lango. Akaanza kueleza kwamba mama yake hakutukana, kwamba kwao mtu asiyetaniwa ni mgeni, na mtu asiyetakiwa huambiwa karibu chai, basi, akanywa akaenda zake. Iffat alimwacha amalize, kama siku ile dukani.

"Hayo ya mama nimeyasikia," alisema. "Wewe ulicheka."

Hapo Mudassar alitafuta jibu la kuchekesha, kwa mazoea, na kwa mara ya kwanza maishani aliliona jibu likija, akalirudisha.

"Nilicheka," alisema. "Kosa langu si kicheko. Kosa langu sikumtazama baba yako usoni. Ningemtazama, ningeona."

 Iffat akasema yeye hamtaki mtoto wa ami, hamtaki leo wala mwakani, na kwamba baba yake hatabadilishwa na maneno ya simu.

"Nitakwenda kwake kesho," akasema Mudassar.

"Si wewe. Mama yako ndiye aende."

Umeme ukiwepo, mashine za Bi Kausar husimama kwa sikukuu za Idi tu, na zilisimama siku aliyozikwa mumewe. Aliposikia kwamba laddu zake amezigawa kwa posa iliyokufa, alikaa kitako kwenye ngazi, akauliza ni nani mtu mzima anayekasirika kwa maneno matamu. Halafu akashuka, akazima mashine zote kumi na mbili kwa mkono wake. Mtaa ulidhani kuna msiba.

Ndani ya basi la kwenda Bahawalpur, saa tano nzima, Mudassar alimfundisha mama yake upole. Sema, nuru ya macho yetu. Bi Kausar alisema, akaongeza ingawa nuru yenyewe inahitaji miwani. Wakaanza upya.

Walimkuta Mzee Wasaya uani, kwenye kitanda cha kamba, pamba iliyochumwa imelundikwa nyuma yake kama wingu lililochoka. Iffat alikuwa ametangulia jana yake, na ndiye aliyeleta chai. Bi Kausar alikaa, akaweka mikono mapajani, akatoa maneno ya asali moja baada ya jingine. Mwanawe alitoka jasho. Mara ya mwisho kumsikia mama yake akiongea hivyo ilikuwa kwa afisa wa kodi. Mzee naye alijibu kwa asali nzito zaidi. Nusu saa nzima walimwagiana baraka, na hakuna aliyesogea hata shibiri moja.

Iffat aliweka birika chini.

"Mama," alisema, "rudia yale uliyomwambia baba."

Bi Kausar aligeuka kumtazama mwanawe. Mudassar hakumsaidia. Akarudia, sauti chini: masharubu, dakika mbili, kiti. Uani alisikika kuku akiparua.

"Haya," akasema Iffat, ambaye hakuwahi kufanya jambo hili. "Masharubu ya baba yangu yalimtangulia dakika mbili. Ulimi wako, mama, ulifika hapa wiki nzima kabla yako, na hatujalala."

Bi Kausar alikodoa macho. Kisha akacheka, akacheka hadi akashika ukingo wa kitanda, mtandio umeanguka begani, machozi yanamtiririka. Mzee Wasaya alimtazama akingojea hasira ije. Haikuja.

"Hukasiriki?" akauliza.

"Nikasirike nini, na mtoto amenijibu? Wewe hukunijibu, baba, uliniombea dhahabu, ndiyo maana nilidhani tumepatana." Akajifuta macho, na uso wake ukabadilika. "Kama nilikuumiza nyumbani kwangu, nimekosa. Huo si utani."

 Iffat alipiga magoti mbele ya baba yake, akamwambia kuwa Jumatatu anarudi Faisalabad kumaliza mbegu zake, na kwamba mtoto wa ami atafutiwe mke anayemtaka, kwa sababu yeye hamtaki. Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha mvua.

"Na huyu?" Mzee akamwelekezea Mudassar kidevu. "Amekuja kutoka mbali hivyo, hana la kusema?"

Mudassar alisimama. Safari hii alimtazama mzee usoni, akaona mtu aliyechoka, anayemwogopea mwanawe.

"Namtaka Iffat awe mke wangu," alisema. "Amalize masomo yake, na aje kwenu kila msimu wa pamba. Sina la kuchekesha juu ya hilo."

Mzee Wasaya alisogea pembeni, akapigapiga kamba za kitanda kwa kiganja.

"Kaa hapa, mwanangu. Jambo zito namna hiyo halisemwi mtu amesimama."