Sifuri Yenye Mkia

"Kimya." Mwalimu akavua vipokea sauti. "Siku ya tisa leo tangu irushwe angani."

Satelaiti yetu ni ndogo kama mkate, lakini tumeihangaikia miaka mitatu pale chuoni. Mimi nililehemu nyaya zake kwa risasi mpaka wakanibatiza Risasi. Redio yake aliitengeneza Mtaalamu, mpenzi wangu, aliyepata kazi ng'ambo akaondoka bila hata kwaheri. Nikamfungia namba kwenye simu, miezi minane sasa. Kumpenda sikuacha, jamani, nisiwadanganye.

"Risasi, mpigie Mtaalamu," Mwalimu akasema.

"Mimi? Thubutu!"

"Kesho mradi unafungwa. Mpigie, mwanangu."

Nikaifungua namba yake, nikapiga.

"Risasi?" Sauti ile ile.

"Nimepiga kwa ajili ya kazi tu. Satelaiti imekufa."

"Imekufa? Mbona nimeisikia asubuhi?"

"Unasemaje?"

"Naisikiliza kila ikipita huku. Nyie mnatafuta masafa gani?"

"Mia nne thelathini na saba, nukta mbili sita tano."

"Sita imetoka wapi? Hiyo ni sifuri!"

Mungu wangu! Sifuri zake zina mkia juu, utadhani sita. Chuo kizima ni mimi peke yangu niliyeuweza mwandiko ule.

"Daftari langu la redio si nilikuachia wewe? Hukulisoma?"

"Nilimpa mwenzangu anakili namba. Nikiona mwandiko wako nalia. Umeridhika sasa?"

"Kwa hiyo hata ukurasa wa mwisho hukuuona."

Nikalivuta daftari, nikaufunua ukurasa huo. Ameandika: "Risasi, nikikuaga uso kwa uso sitaondoka. Mkataba ni mwaka mmoja. Utanisubiri?"

Yaani miezi yote hiyo namlaani mtu aliyekuwa anangoja jibu langu!

"Inapita sasa hivi!" Mwalimu akapiga kelele.

Nikaitoa sita kwenye redio, nikaweka sifuri. Ti-ti-ti! Chumba kizima kikarukaruka. Mimi nikakaa sakafuni na simu sikioni, machozi yananitoka.

"Kumbe haikunyamaza," nikasema.

"Hata mimi sikunyamaza. Ulinifungia."

"Nisamehe. Inafika kwako saa ngapi?"

"Baada ya dakika kumi na tano."

"Sikati simu mpaka ifike."

"Na swali langu?"

"Miezi minane nimekusubiri bila kujua kama umeniomba," nikamwambia. "Hii minne iliyobaki ndiyo itanishinda?"