Filimbi na Daftari la Mahabusu

Sogeeni, wenzangu. Na wewe unayedhani haya hayakuhusu, sogea zaidi.

Asubuhi ile ilianza vizuri tu. Fundi cherehani alikuwa akipunguza kiuno cha suruali ya mumewe, watoto watatu wanagombania kioo, na mwenye suruali kasimama na kaptula, anakunywa chai. Mtaani walimwita Filimbi. Alikuwa polisi wa akiba, mwaka wa tatu huo, na pale kituoni polisi wa akiba hapewi bunduki wala pingu. Hupewa filimbi, na kazi zote ambazo wenye vyeo hawazitaki. Alivumilia kwa sababu ya barua moja. Sajini akiandika kwamba huyu anafaa, basi anapelekwa chuo, anarudi askari kamili.

"Sajini kasema wiki hii," alimwambia mkewe.

"Anasema hivyo tangu huyu mdogo hajaota meno."

"Safari hii kweli, mama watoto. Maliza hiyo suruali ya kwendea chuo."

Kituoni kulikuwa na utaratibu mzuri sana. Kila nusu saa, aliye zamu anakwenda mpaka mlango wa mahabusu, anamwita kila mtu, anasubiri aitikie, ndipo anaandika kwenye daftari: wote wazima. Lakini Sajini alikuwa na mtindo wake. Kila asubuhi alimsukumia Filimbi daftari. "Jaza mpaka jioni kabisa. Mkaguzi asije akakuta mistari mitupu." Na Filimbi, kwa mwandiko wake mzuri aliojivunia, maskini, akajaza.

Siku hiyo ndani kulikuwa na mtu mmoja tu, fundi viatu aliyeletwa baada ya ugomvi sokoni. Alikuwa na uvimbe nyuma ya sikio, na maneno yalimtoka kwa shida.

"Kalewa huyo, muache alale," alisema Sajini, akaondoka zake.

Filimbi alikuwa amemwinamia yule mtu na hakusikia harufu yoyote ya pombe. Alilijua hilo, lakini akarudi kwenye daftari lake. Nani amkosoe mwenye barua yake?

Saa nane mchana mke wa fundi viatu akaingia na chakula.

"Afande, samahani. Mume wangu anaendeleaje?"

Filimbi akafunua daftari kwa madaha, akaweka kidole. "Mzima kabisa. Hapa, saa kumi na nusu, wote wazima."

Yule mama akatazama saa ya ukutani, kisha akamtazama yeye.

"Kaka, sasa hivi ni saa nane."

Jamani! Filimbi akatazama mstari wake mwenyewe, wino umeshakauka.

"Mwite," alisema mama. "Mwite nimsikie."

"Fundi!" Kimya. "Wee fundi!" Kimya.

Akachukua ufunguo, akaenda mpaka mlangoni, na hapo akasita kwa hofu. Sitawaficha: hofu ile haikuwa ya fundi viatu. Aliogopea barua. Je, kama mtu amekufa, na daftari linasema atakuwa mzima saa kumi na nusu? Akageuka, akarudi mezani mbio, akaushika ule ukurasa auchane. Mama akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Kaka, daftari haliumwi. Anayeumwa ni mume wangu."

Hapo ndipo alipofungua mlango. Fundi viatu alikuwa sakafuni, povu mdomoni, jicho moja nusu wazi, anakoroma vibaya. Filimbi akatoka nje akapuliza filimbi yake mpaka masikio yakamuuma. Dereva wa gari la mboga akasimama, wakampakia juu ya magunia, wakakimbia naye hospitali.

"Damu imevujia kichwani," alisema daktari. "Mngemleta asubuhi ingekuwa habari nyingine."

Sajini akawafuata pale hospitalini, akamvuta Filimbi pembeni. "Ukurasa ule tuuandike upya, mimi na wewe. Barua yako hii hapa mfukoni."

Filimbi aliogopa kuliko alivyoogopa mchana kutwa. Akamwona mke wa fundi viatu kwenye benchi, bado kapakata kile chakula.

"Mwandiko ni wangu, afande," alisema. "Uache kama ulivyo."

Sajini akaichana barua mbele yake. Uchunguzi ulipofanyika, Sajini akavuliwa cheo, na Filimbi akarudisha filimbi. Fundi viatu alipona, lakini mkono wa kulia haushiki sindano tena. Siku hizi mkewe ndiye anayeshona, yeye anakaa kando akimwelekeza.

Na nyumbani kwa Filimbi? Ile suruali bado inaning'inia na pini zake. Watoto wakicheza uani, baba yao anawaita, mmoja mmoja, na baada ya muda anawaita tena.

"Baba, si nimeshaitika!" analalamika yule mdogo.

Filimbi anamsikia vizuri. Hata hivyo anainuka, anakwenda kumtazama.

FUNZO

Usiandike mtu ni mzima kabla hujamwona. Wewe muuguzi, wewe mwalimu, wewe mlinzi wa geti, unajijua. Na kijana unayetafuta kazi, usimwogope mwenye barua kuliko unavyomwogopea mtu aliye mikononi mwako. Barua ikichanwa, nyingine huandikwa. Mkono wa fundi viatu haukurudi.