Jiwe Lililoitikia Karibu

Jiwe la mwisho lilipoingia, lilijibu.

Si kwamba Heladio Barragán hakuzoea kelele za mawe. Jiwe la volkano likitolewa motoni huguna, na likimwagiwa maji ya majani hupiga mluzi kama mama mkwe aliyekuta friji imeachwa wazi. Lakini kusema, halisemi. Hili lilisema, kwa sauti ya ajuza mwenye mchanga kooni: "Ahsante. Nimekaribia."

Ndani ya temaskali mlikuwa na giza totoro. Ni kibanda cha udongo cha kuogea mvuke, mfano wa chungu kilichofudikizwa juu ya watu: unaingia kwa magoti, unatoka kwa magoti, na katikati pana shimo la mawe ya moto. Watalii walikuwa wamelizunguka, wekundu kama kamba waliochemshwa, wakilipia jasho ambalo huko nje wangelipata bure.

Desturi ya pale ni kwamba kila jiwe linapoingizwa husalimiwa: "Karibu, bibi." Mawe ni mabibi, maana yamekula chumvi nyingi kuliko binadamu yeyote. Watu wenye akili zao husema maneno hayo mawili, wakanyamaza. Heladio hakujaliwa kipaji cha kunyamaza. Miaka mingi ya kuwapokea wageni walioteremka katika mji wa pwani wa Punta Zopilote na swali lile lile, hapa kuna nini cha kufanya, ilikuwa imemfunza kwamba mtalii hapewi chai kavu. Asubuhi aliwafundisha kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, mchana aliwapandisha farasi, jioni aliwapeleka kuachilia vitoto vya kasa baharini, na kwenye mvuke aliwapigia maneno: "Karibu, bibi! Nyumba hii ni yako, kikombe ni chako, kitanda cha mama yangu ni chako, kaa mpaka uchoke!"

Wageni walikuwa wakilia kwa utamu. Sasa Heladio ndiye aliyetaka kulia.

"Nani kajibu?" aliuliza gizani.

"Si wewe?" alinong'ona mkewe Nieves kutoka mlangoni, na uma wa kubebea mawe mkononi. "Wewe si huwa unajijibu mwenyewe?"

"Nikijijibu, najijibu kwa sauti yangu."

Mtalii mmoja akapiga makofi. Alidhani ni spika.

Walipomaliza, watalii walitambaa nje wakakimbilia maji baridi. Nyuma yao, juu ya udongo uliokauka kwa jua, zikatokea nyayo mbichi za miguu mitupu, ndogo ndogo, moja mbele ya nyingine, zikaelekea nyumbani. Nieves alizitazama mpaka zikaingia ndani. Kisha akamgeukia mumewe.

"Lile jiwe umelitoa wapi?"

"Mlimani."

"Mlima gani una mawe yenye nta ya mishumaa?"

Heladio akakuna kidevu. Lori la mawe lilikuwa halijafika, mawimbi ya msimu yalikuwa makubwa, mji umefurika, na kundi lilikuwa limeshavaa mataulo. Basi alikuwa amepanda rasini, penye msalaba, ambapo watu wa mji huweka jiwe moja na kuwasha mshumaa juu yake kwa kila mtu ambaye bahari ilimchukua isimrudishe. Kaburi hawana, jiwe ndilo kaburi. Akachagua moja jeusi, zuri, kongwe kabisa, ambalo hata wazee hawakukumbuka ni la nani.

"Nimeliazima tu."

"Kaburi haliazimwi, Heladio! Hiyo si ngazi ya jirani!"

"Basi nalirudisha leo hii. Punguza sauti."

Lakini walipochungulia shimoni, lile jiwe halikuwapo. Palikuwa na mchanga wa pwani tu, mbichi, unaonuka mwani.

Mama yake Heladio aliitwa Doña Tomasa, na ulimi wake ulimenya watu bila kisu. Magoti yalikuwa yamemgomea, kwa hiyo alitawala nyumba kutoka kwenye kitanda chake cha kitambaa cha kubembea, kilichofungwa kwa kamba kati ya nguzo mbili sebuleni. Aliyeingia alitukanwa, aliyetoka alitukanwa, na aliyekaa kimya aliulizwa ana kiburi gani.

"Heladio! Nani kalalia bembea yangu? Imelowa."

"Paka, mama."

"Paka gani ananuka samaki waliooza? Nikuulize wewe, ng'ombe mwenye kofia: paka gani?"

Kesho yake alinyoosha mkono achukue kahawa yake ya mdalasini. Kikombe kilikuwa kitupu, na chini yake pamelala mchanga. Doña Tomasa alifoka nusu saa nzima, na alipomaliza sauti yake ilikuwa imekwaruzika, isirudi. Kisha shali yake ikaonekana imetandazwa kwenye kiti ambacho hakuna aliyekikalia, nayo ikitona maji, na tangu hapo mwili wake ukawa baridi, hata jua la adhuhuri lisimfae. Jikoni, Nieves alisikia viganja vikipiga unga wa tortilla, chapati za mahindi, pa, pa, pa, kwa mwendo wa mpishi mzoefu. Alipovuta pazia, hakumkuta mtu. Tortilla zilikuwa zimepangwa vizuri. Zilikuwa za chumvi tupu.

Lakini Heladio aliogopa kweli kweli siku ile mama yake alipomtazama kwa macho yaliyozama, akasema: "Mwanangu, naomba maji, tafadhali."

Tafadhali! Heladio alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo kinywani mwa mama yake. Akatoka nje, maji akayasahau.

Mchana huo mji mzima ulikuwa umelala, kama mji unavyolala saa zile jua linaposimama utosini, mbwa chini ya meza, farasi kichwa chini, na Heladio akarudi sebuleni kwa ncha za vidole, na kabla hajafika akasikia kamba za bembea zikilia kwa uzito, krii, krii, uzito ambao mifupa ya mama yake haikuwa nao hata ujanani, na harufu ya jiwe la moto lililomwagiwa maji ikamjaa puani, na aliposogeza pazia la shanga akaona bembea imebonyea mahali pawili, upande mmoja mama yake, amebanwa ukingoni, vidole vimeng'ang'ania kamba asianguke, na upande wa pili, katikati, pale palipo pazuri, shimo tu kwenye kitambaa, shimo lenye umbo la mgongo na makalio ya mtu mdogo, likitona maji matone yasiyokoma, na lile shimo likajigeuza, kama mtu ageukavyo usingizini kumsukuma mwenzake, na mama yake akateleza tena kidogo kuelekea sakafuni.

"Ananisukuma," alinong'ona Doña Tomasa.

Na katikati ya bembea pakatoka sauti yenye mchanga, bila haraka: "Nyumba moja, bibi mmoja."

Heladio hakumbuki alivyofika kwa Doña Crispina. Nieves anasema alifika na kiatu kimoja.

Doña Crispina alikuwa mganga wa mtaa na muuza tamale, vile vitumbua vya mahindi vinavyopikwa ndani ya majani, na kazi zote mbili alizifanya kwa mkono mzito. Alikuja na sandarusi ya kufukiza, shada la majani machungu na yai la kuku. Akampitishia Doña Tomasa yai mwili mzima, akilisemesha taratibu, kisha akalivunja kwenye glasi ya maji. Hakikutoka kiini. Ukatoka unywele mmoja mrefu mweupe, ukajikunja ndani ya glasi kama unatafuta mlango.

"Ulimkaribisha kwa maneno gani?" aliuliza Crispina.

Heladio akamtajia. Alipofika kwenye kitanda cha mama yangu, mganga akamchapa usoni kwa lile shada.

"Mpumbavu! Ungemwita shangazi angekuja shangazi. Umemwita bibi, kaja bibi. Na bibi yupo tayari!"

"Basi mfukuze, Doña Crispina, nakupigia magoti."

"Nimfukuze kwa lipi? Pepo akivunja mlango, namtoa kwa masikio. Huyu kaalikwa. Mbele ya mashahidi. Mwenye nyumba kampa kikombe, kampa kitanda. Haki iko kwake."

"Kwa hiyo mama mkwe afe kwa ajili ya adabu?" alisema Nieves.

Crispina akafukiza, akafikiri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na hawakusema kwamba mgeni huyo lazima awe hai.

"Mpe kazi," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Bibi wa nyumba hakatai kazi, ndio ubibi wenyewe. Akiwa kazini hatalala, na asipolala hana haja ya kitanda. Lakini sikiliza, mdomo wewe: iwe kazi isiyokwisha. Ikiisha atarudi kuomba nyingine. Ukikosa ya kumpa, atachukua kitanda na aliyemo."

Heladio alipiga magoti mbele ya bembea. Mama yake alikuwa amebaki ukingoni kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Kichwani mwa Heladio zikapita kazi zote za dunia: kufagia ua, huisha, kuosha vyombo, huisha, kuchambua maharage, huisha. Na nje, ng'ambo ya minazi, wimbi la msimu likaanguka kwa kishindo kilichotikisa glasi mezani, likaja jingine, likaja jingine. Uso wa Heladio ukang'aa. Hatimaye mdomo wake ungemfaa.

"Bibi," alisema, "nyumba iko safi, ila aibu yetu ni bahari. Tazama ilivyojikunja! Haijatandikwa tangu iumbwe. Nenda ukaitandike, iwe laini kama shuka la harusi."

Bembea ikapaa juu, nyepesi. Pazia la shanga likajigawa. Nyayo mbichi zikatoka, zikavuka ua, zikapotea kuelekea mchangani.

Doña Tomasa akajivuta katikati ya bembea yake, akavuta pumzi.

"Maji yangu yako wapi, mbwa koko wewe? Mnapiga magoti sebuleni mnangoja nini, ubatizo?"

Heladio alilia kama mtoto. Hakuna tusi lililowahi kumpendeza hivyo.

Asubuhi zilizofuata vijana wa ubao walilalamika. Mawimbi ya upande wa miamba yamelegea, walisema, labda kesho. Kesho yake yalilegea na ya katikati. Wakawa wanakaa juu ya mbao zao baharini kama kuku walioatamia mayai viza. Padri aliwalaumu kwa kuvaa vichupi karibu na kanisa. Wao wakalaumu chombo cha kuchimba mchanga kilichopita mwezi uliopita. Wenye hoteli wakalaumiana, kisha wakatukanana, kisha wakapigana sokoni kwa mikungu ya ndizi. Watalii waliuliza hapa kuna nini cha kufanya, na kwa mara ya kwanza Punta Zopilote haikuwa na jibu. Wakapakia mbao zao juu ya magari, wakaondoka.

"Nenda kamwambie apunguze kasi," alisema Nieves.

Walipanda wote wawili hadi rasini. Kutoka pale juu waliona mkunjo mmoja mrefu wa maji ukiinuka, ndio pekee uliosalia katika ghuba nzima, halafu kitu kama kiganja kikapita juu yake, kutoka upande mmoja hadi wa pili, polepole, kwa uangalifu, na mkunjo ukalala. Haukuinuka tena.

"Bibi!" Heladio aliita. "Umefanya kazi nzuri! Pumzika kidogo! Hakuna haraka!"

Kutoka chini, juu ya maji yaliyolala kama kioo, sauti ikapanda: "Bibi wa nyumba hapumziki, mwanangu. Zimebaki pembe tu."

Waliteremka mbio. Heladio alifunga mlango kwa komeo, akauegemezea meza, akaweka na shada la Crispina juu yake. Nieves alikimbia kwa mganga, akarudi peke yake: Crispina alikuwa amefunga genge la tamale na kupanda basi la asubuhi.

Jua likasimama utosini. Mbwa wakaingia chini ya meza. Doña Tomasa, aliyekwisha kuelewa kila kitu bila kuambiwa, alimshika mwanawe kifundo cha mkono.

"Kazi," alisema. "Mtafutie kazi, haraka."

"Ahesabu mchanga."

"Atauhesabu. Bahari ameimaliza kwa wiki, mchanga ni nini? Nyingine."

"Ahesabu nyota."

"Usiku mmoja. Nyingine, Heladio! Maisha yako yote umepiga kelele kwenye masikio yangu, leo ndiyo unakuwa bubu? Sema kitu!"

Heladio akafungua mdomo. Kila neno alilolitafuta lilikuwa na mwisho. Akaufumba, akaufungua tena, na mama yake akaukaza mkono wake kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ambazo hazikuwa nyingi.

Meza ikasogea yenyewe, kwa heshima, bila kukwaruza sakafu. Komeo likafunguka.

Hakuna wimbi lililoanguka. Bahari ilikuwa kimya mno, hata wote watatu wakamsikia bibi akisimama kizingitini na kujipangusa mchanga miguuni, mguu mmoja, kisha wa pili, kama afanyavyo mgeni mwenye adabu kabla ya kuingia.